Kaskazini ya Nani?

Kijana alisimama mbele ya darasa na karatasi mbili mkononi, akaanza kuwasilisha kazi ya kikundi chake kuhusu historia ya ushirika wa pamba Kanda ya Ziwa. Ilikuwa saa nane mchana, mjini Shinyanga, mwezi Oktoba kabla mvua hazijaanza, na bati la ukumbi lilikuwa likilia kwa joto. Sentensi ya kwanza haikufika mwisho. Alisema "ushilika", safu ya nyuma ikaangua kicheko, na mmoja akaitikia kwa Kisukuma cha kuigiza, "Ng'wanawane!" Kijana akatabasamu kidogo, akangoja kelele zipungue, akasema taratibu, "Mimi siyo Msukuma. Ni Msumbwa, kwetu Bukombe." Kicheko kikazidi. Akasoma karatasi zake mbio mbio, akairuka sehemu yote ya uchambuzi ambayo ndiyo niliyokuwa nikiingojea, akaenda kukaa. Muhula ule hakuinua mkono tena.

Mwalimu wa darasa lile nilikuwa mimi, na nilinyamaza. Nilijiambia ni utani wa vijana, utapita. Nimefundisha sosholojia katika vyuo vya Shinyanga na Geita kwa miaka mingi, na kosa lile limenikaa moyoni kuliko mengine yote, kwa sababu nililifanya nikiwa najua. Leo nasema bila kuzunguka: kile tunachokiita utani wa makabila darasani si utani, na ukimya wetu walimu ndio unaokilea. Chuo kikikataa kufundisha kabila kama historia, somo hilo linafundishwa na safu ya nyuma.

Tuanze na jina lenyewe. Katika Kisukuma na Kinyamwezi, sukuma ni kaskazini. Dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Mtu wa Unyamwezi akitazama upande wa ziwa aliwaita wanaokaa huko Basukuma, watu wa kaskazini; wao wakigeuka kumtazama walimwita Mdakama, mtu wa kusini. Lilikuwa jina la kuelekezana njia, na maana yake ilitegemea msemaji amesimama wapi. Hadi leo lahaja za Kisukuma zinagawanywa kwa dira hiyo hiyo: Kimunasukuma, Kimunadakama, Kimunakiya na Kimunang'weli. Jina la Wanyamwezi nalo lilienezwa na watu wa pwani. Katika karne ya 19, wakati misafara ya pembe za ndovu ikishuka Bagamoyo, mpagazi aliyetoka bara la magharibi alipokewa kama Mnyamwezi, awe alizaliwa Unyanyembe, Usumbwa au huku kwetu Shinyanga.

Waingereza ndio waliogandisha dira hiyo. Gavana Donald Cameron alipofika mwaka 1925 na kuanzisha utawala kupitia wenyeji, kila mtu alitakiwa awe na kabila, kila kabila liwe na mkuu wake na mipaka yake kwenye ramani. Watemi wa Usukuma, wapatao hamsini, kila mmoja akiwa na himaya yake, ngoma zake na matambiko yake, katika miaka ya 1940 waliunganishwa katika shirikisho moja lenye makao yake Malya. Mwanahistoria John Iliffe, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu historia ya Tanganyika, alieleza jinsi wakoloni walivyoamini kwamba Waafrika wote wanaishi ndani ya makabila, na jinsi Waafrika wenyewe walivyoyajenga makabila hayo ili wapate pa kusimama katika utaratibu mpya. Simaanishi kwamba Usukuma ni uongo. Una lugha, una Bagika na Bagalu wanaoshindana kwa ngoma kila mwaka baada ya mavuno, una mila za ndoa na mazishi ambazo mimi mwenyewe nimezikuta zikiniongoza nilipomzika baba yangu. Ninachosema ni kwamba umetengenezwa na watu, katika wakati unaojulikana, kwa sababu zinazoelezeka. Kitu kilichotengenezwa kinaweza kuchunguzwa darasani bila mtu kuvunjiwa heshima.

Geita ni mpya zaidi. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wazinza, ya Wasumbwa upande wa kusini, na ya Warongo, mafundi wa chuma ambao majembe yao yalitafutwa mbali kabla reli haijafika popote. Wasukuma walivuka kwa wingi kuingia Geita katika miaka ya 1940 na 1950, wakitafuta mashamba ya pamba na malisho, serikali ya kikoloni ikiwahimiza. Mwaka 1958 wakulima wa wilaya hiyo waliandamana pamoja kupinga halmashauri ya mseto wa rangi waliyowekewa kwa nguvu. Kisha ukaja mgodi mkubwa wa Geita mwaka 2000, ikaja mifumuko ya wachimbaji wadogo, na mkoa wenyewe ukazaliwa Machi 2012 kwa kumega Mwanza, Kagera na Shinyanga. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu milioni 1.7, ya mwaka 2022 ikahesabu karibu milioni 3. Kijana wangu wa Bukombe alizaliwa mkoa wa Shinyanga akafika chuoni akiwa wa mkoa wa Geita, na nyumba ya baba yake haijasogezwa hata hatua moja. Safu ya nyuma ilipomwita Msukuma ilimpa jina la upande wa dira ambao si wake, ikamcheka alipojaribu kulirekebisha.

Sasa tutazame sauti iliyochekwa kama ya Kisukuma. Kisukuma kina l, hakina r. Sikio lililolelewa katika lugha hiyo haliwekewi mpaka kati ya sauti hizo mbili tangu utotoni, kwa hiyo ulimi unateleza, hasa mtu akiwa na hofu mbele ya watu. Jambo hili halihusiani na akili wala na ushamba. Lugha hiyo hiyo ina vokali saba, wakati Kiswahili kina tano, na ina sauti za puani zisizo na ghuna ambazo mgeni anaweza kukaa miaka asizishike. Wilaya ya Nyang'hwale iko hapo Geita. Nimewasikia wahadhiri, maofisa na watangazaji wakiitamka "Nyangwale" mbele ya wenyeji wake, na sijamsikia mwenyeji hata mmoja akicheka. Anayetoka mjini akishindwa na sauti ya kijijini tunaona kawaida, ila wa kijijini akishindwa na sauti ya mjini tunampa kabila na kukipima kichwa chake. Hapo ndipo ubaguzi wenyewe unapoonekana ukifanya kazi: kosa moja linaruhusiwa kuwa kosa, jingine linageuzwa kuwa tabia ya watu milioni kadhaa.

Siku hizi kicheko kama kile kikitokea nasimamisha somo na kuandika ubaoni maneno mawili: tatu, idatu. La kwanza ni la Kiswahili, la pili la Kisukuma. Nawauliza kwa nini t ya kwanza imekuwa d. Wananyamaza. Nawaeleza kwamba konsonanti mbili zisizo na ghuna zikijirani hivi, ya kwanza hupata ghuna, na kwamba kanuni hiyo inafundishwa popote duniani panapofundishwa isimu ya lugha za Kibantu. Inaitwa Sheria ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari Mjerumani aliyejifunza Kinyamwezi. Wataalamu wameikuta pia katika Kikuyu na Kikuria. Lafudhi tunayoicheka imetoa sheria ya kisayansi. Huchukua dakika tano tu, na nimeona migongo ikinyooka.

Wenzangu wengi huniambia nakuza mambo: hawa vijana wanataniana tu, na utani ni mali yetu. Nakubali kabisa kwamba utani ni mali yetu, na kwa sababu hiyo siwezi kuuona ukitumiwa kama kifuniko. Utani wa kweli una masharti. Wasukuma na Wanyamwezi wanataniana na Wazaramo kwa sababu misafara ilipita Uzaramo kwa vizazi, watu wakagombana, wakauziana chakula, wakazikana njiani. Katika uhusiano huo mtani wako ana ruhusa ya kukutukana hadharani, nawe una ruhusa ile ile. Akija msibani kwako anaweza kulala mahali pa marehemu na kudai alipwe ndipo aondoke, lakini ndiye pia atakayechimba kaburi, atakayechota maji na kubeba yale ambayo ndugu hawawezi kuyabeba kwa uchungu. Ruhusa ya kutania imelipiwa kwa wajibu. Nje ya makabila upo utani wa babu na mjukuu, na wa shemeji, nao una wajibu wake.

Linganisha na kilichotokea kwenye ukumbi wangu. Wanafunzi thelathini na kitu dhidi ya mmoja. Hakuna aliyemjibia, na yeye hakuwa na la kuwajibu kwa sababu jina alilopewa halikuwa lake. Hakuna kati yao aliyekuwa na wajibu wowote kwake baada ya kipindi. Na mbele alikaa mtu mwenye kalamu ya maksi, akitabasamu. Utani hauwezi kuishi pale ambapo upande mmoja unashika alama za mwingine. Mhadhiri anayeita majina asubuhi na kusema "Chacha, leo hujapiga mtu?" au "mama Bukoba, tupunguzie maringo" hana utani na wanafunzi wale, kwa sababu Chacha hawezi kumrudishia. Msichana wa Kihaya anayeitikia vichekesho vya mwili wake vilivyoanza kuzungushwa zamani, kabla yeye hajazaliwa, anacheka ili kipindi kiishe. Nimeketi nao ofisini baadaye, mlango ukiwa wazi, nikawasikiliza. Hawaiti utani.

Mwaka 1995 wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson walichapisha majaribio waliyoyafanya Stanford, Marekani. Wanafunzi weusi walipoambiwa mtihani unapima uwezo wao wa akili walifanya vibaya kuliko walipopewa mtihani ule ule bila maneno hayo. Kinachomla mwanafunzi ni kule kuwaza kwamba nikikosea hapa sitakosea kwa niaba yangu tu, nitawathibitishia jambo kuhusu watu wangu wote. Nusu ya kichwa inalinda kabila, nusu inayobaki inajibu swali. Mwanafunzi wa Kisukuma anayefikiria kila r kabla hajaitamka yuko katika hali hiyo, na tunashangaa kwa nini hachangii hoja.

Kuna pia hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito zaidi kwa sababu imetoka mahali pa heshima: Tanzania hatuna ukabila, kwa nini uuamshe? Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Mei Mosi mwaka 1995 kule Mbeya, aliwakemea wanaoulizana makabila akawauliza kama wanataka kwenda kutambika. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya mwaka 1967. Watemi waliondolewa kwenye utawala mwaka 1963. Watoto wa sekondari walipelekwa kusoma mbali na kwao, vijana wakachanganywa Jeshi la Kujenga Taifa. Mimi ni tunda la siasa hiyo na naishukuru. Nilikaa bweni moja na Mmakonde na Mpare, na hadi leo tunapigiana simu. Lakini siasa hiyo iliondoa kabila kwenye fomu, haikuliondoa kwenye mdomo. Kilichobaki mdomoni ni mabaki tu: Mgogo omba omba, Mchaga pesa, Mkurya panga, Muha mchawi, Msukuma ng'ombe. Historia iliyoyazaa maneno hayo hatukuifundisha, kwa kuogopa kwamba kuifundisha ni kuamsha ukabila.

Na jambo lisilosemwa darasani halikosi kusemwa kwingine. Baada ya Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, kufariki Machi 2021, jina "Sukuma Gang" lilizagaa kwenye siasa na kwenye simu za wanafunzi wangu kama lakabu ya kundi la watu waliodaiwa kuwa na ajenda zao. Mwaka huo huo, tarehe 8 Septemba, kule Kisesa karibu na Mwanza, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Zanzibar, wakampa jina la Chifu Hangaya, nyota ing'aayo. Wiki ile darasani niliulizwa yote mawili. Mmoja aliuliza kama Chato ni Usukuma kweli, maana kabla ya 2012 ilikuwa Kagera na wenyeji wake wa zamani ni Wazinza. Mwingine aliuliza inakuwaje Mzanzibari awe chifu wa Wasukuma. Hayo ni maswali mazuri kuliko mengi yaliyomo kwenye vitabu vyetu vya utangulizi. Mwalimu anayeyafunga kwa kusema "tusiingize siasa" amepoteza mwezi mzima wa kufundisha utambulisho ni nini, nani anautoa, na nani ana haki ya kuupokea.

Gharama ya kunyamaza si kicheko peke yake. Septemba 2013 ilifanyika Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, na maelfu ya watu waliondoka. Tangu hapo nimekuwa na wanafunzi wa Ngara na Biharamulo, Wahangaza na Wasubi, ambao wakiulizwa kabila lao darasani husita, kwa sababu swali hilo kwao si la utamaduni. Linafuatiwa na jingine: wewe ni wa kwetu kweli? Pua, urefu na lafudhi vinageuka hati ya kusafiria. Mwanafunzi anayemwita mwenzake "Mrundi" kwa mzaha hajui kwamba anashika kitu kilichowahi kumtoa jirani wa mwenzake nyumbani usiku.

"Lakini kuna ukweli ndani yake"

Hoja hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu wanaoitoa ni wanafunzi makini. Wanasema: Mwalimu, huku si ndiko wanakoua vikongwe? Si ndiko walikowindwa watu wenye ualbino? Sikwepi. Bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka hamsini ya kupikia kuni na samadi. Watu wenye ualbino walikatwa viungo katika mikoa hii, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, na mahitaji ya waganga na watafuta utajiri wa dhahabu na samaki yalitajwa tena na tena. Nimewahi kufika kituo cha Buhangija hapa Shinyanga, nikaona watoto wanaolala humo kwa sababu kulala kwao ni hatari. Jambo hili ni letu na lazima liitwe kwa jina lake.

Swali la mtaalamu ni nini kinalisababisha. Mchumi Edward Miguel alichapisha mwaka 2005 utafiti wake wa vijiji vya Meatu, wilaya iliyokuwa wakati ule ndani ya mkoa wa Shinyanga. Aligundua kwamba katika miaka ya mvua iliyozidi mno, au ya ukame mkali, mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi yalikuwa yakifika mara mbili ya miaka ya kawaida, na waliouawa walikuwa kwa sehemu kubwa wanawake wazee wa kaya maskini. Mauaji mengine hayakupanda kwa namna hiyo. Kaa na matokeo hayo kidogo. Kabila halibadiliki kati ya mwaka wa mvua nzuri na mwaka wa njaa. Msukuma ni yule yule, imani yake ni ile ile. Kinachobadilika ni ghala, na idadi ya midomo inayogawana kilichomo. Imani ya uchawi inampa muuaji maneno ya kusema, ila inayomsukuma kwa mwaka huu na si mwaka jana ni njaa, na anayeangukiwa ni yule asiye na mtetezi ndani ya nyumba. Mtu akisema "ndivyo Wasukuma walivyo" ameshalala. Hatauliza kuhusu bima ya mazao, pensheni ya wazee, jiko lisilo na moshi, wala kesi ngapi zilifika mahakamani. Ubaya wa kauli hizo uko hapa zaidi: zinatukomesha kufikiri pale ambapo kufikiri kungeokoa mtu.

Au chukua ile nyingine, kwamba Msukuma na ng'ombe wake ni jangwa linalotembea. Wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 kauli hiyo ilisikika nchi nzima. Wanafunzi wangu hushangaa nikiwaambia kwamba miti ya Shinyanga haikumalizwa na ng'ombe peke yao. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwatoa watu kwa maelfu kufyeka misitu ili kufukuza mbung'o, na pamba ikafuata ikala kilichobaki. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, eneo linalofungwa wakati wa masika ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wataalamu walijaribu kwanza kugawa miche. Mambo yakashika kasi walipoisikiliza desturi hiyo na kuiacha iongoze. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa ngitili. Ukipanda basi kutoka Shinyanga mjini kuelekea Kahama mwezi wa Agosti, tazama dirishani: pale majani yanaposimama marefu, ya manjano, nyuma ya uzio wa miiba na minyaa, hapo ni kazi ya wale tunaoambiwa ni waharibifu.

Duara moja, majina mengi

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kuchanganyika tu: waweke pamoja, wataelewana. Migodi yetu ni jaribio kubwa la imani hiyo. Nenda Nyarugusu au Rwamagasa asubuhi. Kwenye duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo, utamkuta Mkurya anayeshika winchi, Mzinza mwenye shamba, Mnyiramba anayepanga matimba ili udongo usishuke, Wasukuma wawili chini na tochi vichwani, na mama wa Kiha akingoja kwenye mwalo kuosha upya mchanga wa marudio. Wanagawana mawe kwa mifuko kwa hesabu inayoeleweka na wote. Maisha ya mtu yako mikononi mwa aliyeshika kamba juu. Na bado, jioni, mmoja atakwambia kwa uhakika kabisa kwamba Wakurya ni wa ulinzi, Wachaga ni wa duka, Wasukuma ni wa shimo.

Nilitumia likizo moja kuuliza kwenye makarasha machache ya kusaga mawe watu walipataje kazi pale. Jibu lilikuwa lile lile: kaka yangu alitangulia. Aliyetangulia alipata nafasi kwa bahati, akamwita mdogo wake, mdogo akamwita shemeji, na baada ya miaka mitano vumbi lote la karasha lile linavutwa na vijana wa kijiji kimoja. Mpita njia anaona kabila lenye kipaji cha kusaga mawe. Ndivyo ilivyokuwa enzi za manamba, mawakala walipozunguka Usukuma na Unyamwezi kuandikisha vibarua wa mashamba ya katani ya Tanga, kisha wenye mashamba wakaanza kusema makabila fulani yameumbwa kwa jua. Kazi ilimtangulia mtu, sifa ikafuata.

Gordon Allport aliandika mwaka 1954, katika kitabu chake juu ya chuki za makundi, kwamba kukutana peke yake hakutoshi. Watu wanahitaji kuwa na hadhi sawa mahali hapo, lengo moja, kazi inayowalazimu kusaidiana, na mkubwa anayeunga mkono usawa huo waziwazi. Duara lina lengo na lina kusaidiana. Hadhi sawa halina, maana mwenye leseni na anayeshuka shimoni hawakai meza moja. Darasa la chuo linaweza kuwa na yote manne, na hili linanipa matumaini ambayo mgodi haunipi. Sharti la nne ni letu walimu.

Kwa hiyo tufanye nini? Kwanza, tuache kuchagua vikundi kwa kusema "jipangeni wenyewe". Wanafunzi wakijipanga wanajipanga kwa bweni, na bweni ni nyumbani. Mimi huigawa kazi vipande, kila mwanafunzi akipewa kipande ambacho wenzake hawana, na anayewasilisha nampata kwa kura asubuhi hiyo hiyo, hivyo kikundi kizima kina haja ya kila mmoja kueleweka. Pili, alama ya uwasilishaji isitoe adhabu kwa lafudhi ambayo haikuficha maana. Nimeona majedwali ya alama yenye mstari wa "matamshi" wenye alama kumi; huo mstari unamtoza mtoto wa Mbogwe ushuru wa kuzaliwa Mbogwe. Tatu, mhadhiri hana watani kati ya anaowasahihishia. Akitaka utani na Wazaramo aende msibani kwao, achimbe kaburi. Na vyuo vya ualimu vina deni kubwa zaidi, kwa sababu mwanafunzi anayecheka leo "ushilika", miaka miwili ijayo atasimama mbele ya watoto mia wa darasa la kwanza huko Nyang'hwale, na wote watakuwa na l.

Jambo ninalolithamini kuliko hayo ni zoezi la wiki ya kwanza. Kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja: jina la kabila lako lina maana gani, nani alilitoa, na mzee wako wa ukoo anajiitaje yeye mwenyewe. Hawaruhusiwi kunakili mtandaoni. Wapige simu nyumbani, wasalimie kwanza, waulize. Wengine hurudi na jibu kwamba jina lao ni la wageni. Wengine hurudi na ukoo badala ya kabila. Mmoja alirudi kimya akaomba kuongea nami pembeni, kwa sababu alikuwa amegundua bibi yake alikuja Uzinza kama mtu aliyenunuliwa. Tuliongea hadi giza likaingia, na ukurasa wake haukusomwa darasani.

Muhula huu msichana wa Maswa, ambaye kwa kawaida hucheka kwa sauti kuliko wote, alisoma wake. Alikuwa amempigia babu yake akamuuliza, babu, sisi Wasukuma jina letu lilitoka wapi. Mzee alimsikiliza, akamjibu kwamba Basukuma wako huko Mwanza, ng'ambo ile. Sisi wa huku ni watu wa kiya. Akamuuliza mjukuu wake chuoni wanawafundisha nini. Darasa lilikaa kimya kidogo. Kisha kijana wa Magu aliyekaa nyuma akainua mkono: kama sisi wa Mwanza ndio Wasukuma kwa sababu tuko kaskazini, kaskazini kwetu sisi ni ziwa, na ng'ambo ya maji kuna Wakerewe, wao wanatuitaje? Nilimwambia ana mwenzake wa Ukerewe bwenini, amwombe namba ya mzee wake. Ataleta jibu Jumatano.